Kiranja wa Lango na Historia ya Seva ya Maongezi

Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike jambo la historia ambalo wazee wa shule watalisoma bila kusinzia, na wanafunzi walioko madarasani sasa watapata faida kidogo. Mimi si mwanahistoria. Ni mtumishi wa serikali, na sehemu kubwa ya miaka yangu ya kazi nimeitumia kuunganisha ofisi za wilaya na makao makuu kwa njia ya kompyuta. Basi nitaeleza historia ya kitu ambacho wengi wetu twakitumia kila siku pasipo kukiona, nacho ni seva ya maongezi, yaani ile kompyuta inayopokea ujumbe wa mtu mmoja na kuwafikishia wengine. Nitaanzia langoni kwa shule yetu.

Waliosoma nami katika miaka ya 1990 watazikumbuka Jumapili za wageni. Kiranja wa zamu alikaa langoni. Mgeni akifika, kiranja alimwuliza jina la kijana anayemtaka, kisha akaondoka naye kumtafuta bweni hadi bweni. Kijana akiwa mtoni anafua, kiranja alimngoja huko huko. Huku nyuma mama zetu waliosafiri usiku kucha walisimama juani na vikapu vyao, si kwa sababu kazi ilikuwa nyingi, bali kwa sababu aliyepaswa kuwahudumia alikuwa akingoja.

Baadaye akaja kiranja mwingine ambaye hakuinuka kitini. Aliandika jina la kila mgeni katika daftari, akamtuma kijana wa Kidato cha Kwanza bwenini, kisha akamgeukia mgeni aliyefuata. Kijana aliyetafutwa alipotokea, kiranja alitazama daftari akamwita mzazi wake. Kiranja alikuwa mmoja vile vile na lango lilikuwa lile lile, lakini kabla ya saa sita mchana mstari ulikuwa umekwisha.

Historia ya seva ya maongezi ni safari ya kutoka kwa kiranja wa kwanza kwenda kwa kiranja wa pili.

Maongezi ya kompyuta yalianza mapema kuliko vijana wengi wanavyodhani. Mwaka 1973, katika Chuo Kikuu cha Illinois huko Marekani, Doug Brown na David Woolley walitengeneza programu iliyoitwa Talkomatic. Watu watano waliweza kukutana katika chumba kimoja cha maongezi, na kila herufi ilionekana kwa wenzako palepale ulipoiandika. Lakini wote walikuwa wakitumia kompyuta kubwa moja, iliyoitwa PLATO. Kuwakutanisha watu walioko kwenye kompyuta mbalimbali kulihitaji kwanza lugha ya pamoja kati ya kompyuta hizo.

Lugha hiyo ilitokana na kazi ya Vinton Cerf na Robert Kahn, waliochapisha mwaka 1974 maelezo ya namna ya kuunganisha mitandao ya aina tofauti. Kutokana nayo ilipatikana itifaki ya TCP, yaani kanuni ambazo kompyuta mbili hufuata zinapozungumza. Jon Postel alihariri maelezo yake rasmi yaliyotolewa Septemba 1981, na tarehe 1 Januari, 1983 mtandao wa ARPANET, ulioanzishwa kwa fedha za Wizara ya Ulinzi ya Marekani, uliacha kanuni zake za zamani na kuhamia TCP.

Maadamu njia haijakatika, TCP huahidi mambo mawili: kila herufi itafika, na zote zitafika kwa mpangilio zilivyopelekwa. Lakini kuna jambo ambalo haikuahidi kamwe, na waandishi wengi wa programu wamejikwaa hapo. TCP haijui mwisho wa sentensi. Ni kama bomba: ukimimina ndoo mbili za maji upande huu, upande wa pili hazitoki ndoo mbili, yanatoka maji tu. Ukipeleka "Habari za asubuhi" na kisha "Mkutano saa nne", mwenzako aweza kupokea kwanza "Habari za asu", halafu "buhiMkutano saa nne". Hapana budi mwandishi wa programu aweke alama yake mwenyewe ya mwisho wa ujumbe, na kila kipande kinachofika kihifadhiwe kando mpaka alama hiyo ionekane.

Mwaka huo huo wa 1983, mwezi Agosti, Chuo Kikuu cha California huko Berkeley kilitoa toleo la mfumo wa Unix lililoitwa 4.2BSD. Ndani yake mlikuwamo soketi, yaani mlango ambao programu huufungua ili kuzungumza na mtandao. Watu wa Berkeley walifanya kusoma kutoka soketi kufanane na kusoma faili, jambo lililorahisisha kazi sana, na hapo hapo ndipo tatizo lilipojificha. Faili husomeka muda wowote, lakini mtu aweza kukaa kimya saa nzima. Programu ikiomba kusoma maneno ya mtu ambaye hajaandika kitu, husimama na kungoja, kama yule kiranja wa kwanza kule mtoni.

Wengi walitumia dawa ya kuanzisha nakala ya programu kwa kila mgeni, yaani kila mzazi apewe kiranja wake. Kwa wageni wachache yafaa. Lakini kila nakala hula nafasi katika kompyuta, na katika maongezi kuna shida ya pili: analosema mmoja hutakiwa kuwafikia wote, kwa hiyo nakala zote hulazimika kushauriana kila mara. Dawa nyingine ilikuwamo ndani ya 4.2BSD yenyewe, nayo ni amri iitwayo select. Programu hukabidhi orodha ya milango yake yote na kuuliza, "Ni upi wenye jambo?" Hulala usingizi mpaka jambo litokee, huamka, hulishughulikia upesi, kisha huuliza tena. Hiyo ndiyo maana ya programu iendeshwayo na matukio.

Aliyeonyesha faida yake katika maongezi ni Jarkko Oikarinen wa Chuo Kikuu cha Oulu, nchini Ufini. Agosti 1988 aliandika programu iliyoitwa IRC, ambayo seva zake ziliweza kuungana na kuwa mtandao mmoja. Agosti 1991, lilipotokea jaribio la kupindua serikali mjini Moscow, watu waliutumia mtandao huo kupashana habari. Hapo ilionekana kwamba seva ya maongezi si kitu cha kupigia soga peke yake.

Mei 1993 Oikarinen na mwenzake Darren Reed walichapisha kanuni za IRC, na ndani yake wakaeleza jinsi seva yao ilivyopangwa. Kila mgeni ana kapu lake la kupokelea, la herufi 512, na ujumbe mmoja hauruhusiwi kuzidi kiasi hicho pamoja na alama zake za mwisho. Kila mgeni pia ana foleni yake ya kupelekewa, kwa sababu aweza kuwa na njia dhaifu asipokee upesi. Walisema foleni hiyo yaweza kufika kilobaiti 200. Msemaji mno hupunguzwa kasi mpaka awe na ujumbe mmoja kwa kila sekunde mbili. Aliyenyamaza huulizwa kama bado yupo, na asipojibu hutolewa. Naomba msomaji aikumbuke foleni ya kupelekewa, maana nitairudia.

Mtandao ulipokua, select nayo ilielemewa. Kila mara ilihitaji orodha nzima ipitiwe upya hata kama ni mlango mmoja tu wenye jambo. Mwaka 1999 Dan Kegel aliuliza kwa maandishi kwa nini seva moja isihudumie wageni 10,000 kwa wakati mmoja, ilhali mashine zenyewe zilikuwa na nguvu za kutosha. Majibu yalikuja upesi: mfumo wa FreeBSD ulipata kqueue mwaka 2000, na Linux ikapata epoll mwaka 2002. Katika njia hizo programu hujiandikisha mara moja, kisha hupewa orodha ya milango yenye matukio tu. Januari 2012 watu wa WhatsApp walitangaza kwamba seva yao moja ilikuwa imeshika miunganisho zaidi ya milioni 2 kwa mpigo. Walitumia FreeBSD na lugha ya Erlang, iliyozaliwa katika kampuni ya Ericsson miaka ya 1980 kwa ajili ya mitambo ya simu. Katika Erlang mwandishi huandika kana kwamba kila mgeni ana kiranja wake mdogo, lakini chini yao wote yupo mmoja aangaliaye matukio.

Sasa nirudi nyumbani. Mwaka 2013 nilikabidhiwa kazi ya kuandika seva ya ujumbe kwa ajili ya ofisi moja na vituo vyake vya wilayani, vipatavyo thelathini. Nilitoka chuo kikuu nikiwa nimesoma habari za matukio, nikaona kazi ni nyepesi. Niliandika klasi ya soketi. Klasi, kwa vijana wasiojua, ni kielelezo ambacho programu hutolea vitu vingi vya namna moja, kama kalibu ya matofali. Kila kituo kilichounganishwa kilipata soketi yake kutoka kalibu hiyo. Kusikiliza nilikufanya vizuri, kwani hapakuwa na kituo kilichoweza kuichelewesha seva kwa kunyamaza. Lakini katika kupeleka nilifanya uvivu. Niliamuru tu, "Peleka," nikiamini kwamba maneno yatakwenda.

Msimu wa mvua za masika, asubuhi moja, karani wa kituo kimoja aliandika kwamba daraja la barabara ya wilayani kwake limechukuliwa na maji. Ujumbe ulifika kwenye seva, ukaishia hapo. Katika kituo kingine kabisa mashine ilikuwa imeganda. Ilikuwa ikiwaka, lakini programu yake haikupokea tena kitu. Nafasi ya njia yake ilijaa, na seva yangu ilipojaribu kumpelekea ilisimama kumngoja. Kwa kumngoja huyo mmoja, iliwanyima wote. Muda wa karibu saa nzima hakuna kituo kilichopata neno. Gari lenye wenzetu wanne liliondoka kwa barabara ile ile. Dereva aliona pengo akiwa hatua chache tu, na kwa rehema za Mungu breki zilishika. Niliarifiwa kwa simu, na kwa siku nyingi sikupata usingizi mwema.

Nilikuwa nimesikiliza kama kiranja wa pili na kusema kama kiranja wa kwanza. Dawa ilikuwa imekwisha kuchapishwa miaka 20 kabla, katika kanuni za IRC, nami sikuwa nimezisoma.

Nikaiandika klasi ile upya. Kila soketi ilipata kapu la kupokelea na foleni ya kupelekea, na hakuna amri iliyoruhusiwa kungoja. Klasi ilijulisha matukio manne tu: mgeni amefika, ujumbe kamili umefika, njia iko tayari kupokea zaidi, na mgeni ameondoka. Nilijifunza kwamba tukio la tatu liulizwe pale tu foleni ina kitu, la sivyo seva huamshwa bure bila kukoma, maana njia tupu iko tayari wakati wote. Nilijifunza kwamba anayeondoka katikati ya mzunguko wa matukio asifutwe palepale. Awekewe alama, afutwe mzunguko ukiisha, ili programu isije ikamwita asiyekuwapo. Na foleni ikizidi kiasi kilichowekwa, mgeni huyo hukatwa, akirudi ataanza upya. Jambo hilo la mwisho lilinisumbua moyoni, kwani lilionekana kama ukatili. Lakini kumvumilia mmoja aliyeganda kulikaribia kuwagharimu watu wanne uhai wao.

Wanafunzi mliopo sasa, wengi wenu mtakuwa waandishi wa programu, na mtazikuta kalibu hizi zimekwisha kutengenezwa, tayari kwa matumizi. Zitumieni, lakini jueni kilichomo ndani yake, na someni waliyoandika waliotangulia. Nanyi wazee wenzangu, mkija kwenye mkutano wetu, piteni langoni mumtazame kiranja wa zamu. Akiwa amekaa kitini na daftari lake mbele, msimdhanie kuwa ni mvivu.