Dawa za kuukinga mwili wakati wa tiba ya saratani: faida zake na maudhi yake

Mgonjwa wa saratani anapoanza tibakemikali, yaani dawa kali za kuua seli za saratani, mara nyingi hupewa pia vidonge, sindano na dripu ambazo haziui saratani hata kidogo. Kazi yake ni kuulinda mwili usiumizwe na zile dawa kali. Wapo wagonjwa wanaoziacha kwa sababu nazo zina maudhi yake. Wapo pia wanaodhani kila dawa ya kinga ni lazima kwa kila mtu. Katika makala hii tunaeleza jinsi faida na maudhi hayo yanavyopimwa, ili ukikaa mbele ya daktari ujue la kuuliza.

Mwili unakingwa na nini?

Dawa nyingi za tibakemikali hushambulia seli zinazogawanyika haraka. Seli za saratani ziko hivyo, lakini ndivyo zilivyo pia seli za uboho unaotengeneza damu, za ngozi laini ya mdomo na utumbo, na za mizizi ya nywele. Ndiyo maana mgonjwa hupata vidonda mdomoni, hunyonyoka nywele na kupungukiwa damu.

Zipo pia dawa zinazoumiza kiungo fulani zaidi. Sisplatini, inayotumika pamoja na mionzi kutibu saratani ya mlango wa kizazi, inaweza kuumiza figo. Siklofosfamidi, inayotumika kutibu saratani ya Burkitt inayovimbisha taya za watoto, inaweza kuumiza kibofu cha mkojo. Doksorubisini, ile dawa yenye rangi nyekundu, inaweza kuumiza moyo.

Wakati mwingine kinga ni maji

Mgonjwa wa sisplatini huwekewa dripu za maji kabla na baada ya dawa. Wengi huchoka kukaa saa nyingi kitandani, lakini maji hayo ndiyo yanayozilinda figo. Anayetumia siklofosfamidi huambiwa anywe maji mengi na asibane mkojo, ili sumu isikae kibofuni. Dozi ikiwa kubwa, huongezewa dawa iitwayo mesna, ambayo huishika sumu hiyo na kuizima ndani ya mkojo.

Hata maji yana upande wa pili. Mtu mwenye moyo dhaifu akijazwa maji mengi anaweza kuvimba miguu na kushindwa kupumua vizuri. Kwa hiyo, kama una tatizo la moyo, sema kabla dripu haijafunguliwa.

Sindano ya kuinua kinga

Seli nyeupe za damu zikishuka sana, ugonjwa mdogo unaweza kuua. Sindano ya filgrastimu huuchochea uboho utengeneze seli hizo upesi. Udhia wake mkubwa ni maumivu ya mifupa, hasa kiunoni na mgongoni. Mara nyingi hutolewa kila siku kwa siku kadhaa, na huhifadhiwa kwenye jokofu. Kwa anayeishi kijijini, hapo lipo swali la nauli, umeme na nani atamchoma.

Je, kila mgonjwa anaihitaji? Hapana. Miongozo ya kimataifa hushauri itolewe tangu mwanzo pale ambapo wagonjwa 20 au zaidi kati ya 100 wanaotumia aina hiyo ya tiba hutarajiwa kupata homa inayotokana na kushuka kwa seli nyeupe. Chini ya hapo, daktari huangalia umri, magonjwa mengine na hali ya mgonjwa.

Mfano mgumu: kuukinga moyo

Madhara ya doksorubisini kwenye moyo huongezeka kadiri jumla ya dozi inavyopanda, ndiyo maana hospitali huandika jumla hiyo na kuiwekea kikomo. Ipo dawa ya kuulinda moyo, deksrazoksani, na imeonekana kupunguza madhara hayo. Hata hivyo, yenyewe inaweza kushusha zaidi seli nyeupe. Utafiti mmoja wa zamani ulizua wasiwasi kwamba huenda inapunguza nguvu ya tiba. Mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilizuia isitumike kwa watoto kwa hofu ya saratani nyingine baadaye, kisha mwaka 2017 ikalegeza katazo hilo kwa watoto wanaotarajiwa kupata dozi kubwa.

Hapo ndipo penye somo. Dawa ileile inaweza kumfaa mgonjwa wa dozi kubwa, na isimfae wa dozi ndogo.

Vidonge vya kichefuchefu

Ondansetroni huzuia kutapika, lakini inaweza kuleta choo kigumu na kuumwa kichwa. Deksamethasoni husaidia pia, ila hupandisha sukari na kukosesha usingizi. Mwenye kisukari asikae kimya. Kwa kawaida maudhi haya yana dawa au dozi mbadala, lakini kutapika kusikokoma humkausha mgonjwa maji na kumfanya aikimbie tiba.

Maswali manne ya kumuuliza daktari

1. Dawa hii inazuia madhara gani, na kwangu uwezekano wake ni mkubwa kiasi gani?
2. Madhara hayo yakitokea, yanapona au ni ya kudumu?
3. Dawa yenyewe ina maudhi gani, na nifanye nini yakinipata?
4. Nisipoweza kuinunua au kuihifadhi nyumbani, ipo njia nyingine?

Mtajie pia dawa zote unazotumia, zikiwamo za mitishamba, kwa sababu baadhi huumiza ini au figo na nyingine hugongana na tiba.

Usisubiri kliniki ijayo

Wahi kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, ukipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, damu kwenye mkojo, shida ya kupumua, au ukitapika hata maji. Beba kadi yako na useme mara moja kwamba uko kwenye tibakemikali. Na kama dawa ya kinga inakusumbua, usiiache kimyakimya: piga simu hospitali unakotibiwa, kwani mara nyingi dozi hubadilishwa bila kusimamisha tiba.