Muungo wa ioni na muungo kovalenti

Muungo wa kikemia ni nguvu inayoshikanisha atomu ndani ya dutu. Mwaka 1916 Walther Kossel wa Ujerumani alieleza muungo wa ioni, na Gilbert N. Lewis wa Marekani akaeleza ule ulioitwa baadaye kovalenti. Msingi wao ulikuwa mmoja: atomu nyingi hutulia zikiwa na elektroni 8 katika mzingo wa nje, hidrojeni hutosheka na 2.

Muungo wa ioni hutokea kwa kawaida kati ya metali na simetali. Sodiamu ina elektroni 11, zilizopangwa 2, 8, 1. Klorini ina 17, yaani 2, 8, 7. Sodiamu huachia ile moja ya nje na kubaki na chaji chanya (Na⁺). Klorini huipokea na kupata chaji hasi (Cl⁻). Atomu hizo zenye chaji, yaani ioni, huvutana na kuunda chumvi. Ndani ya fuwele ya chumvi kila ioni huzungukwa na 6 za chaji tofauti, kwa hiyo chumvi haina molekuli.

Muungo kovalenti hutokea hasa kati ya simetali. Hapa hakuna atomu inayonyang'anywa elektroni; zote hutumia jozi ya elektroni kwa ushirika. Katika maji (H₂O), oksijeni yenye elektroni 6 za nje huwa na jozi moja ya pamoja na kila hidrojeni, ikafikisha 8. Gesi ya oksijeni ina jozi 2 za namna hiyo, naitrojeni 3.

Miungo hii hutofautiana kwa tabia. Mpishi wa kashata akibandika sufuria ya sukari, ambayo molekuli zake zina muungo kovalenti, sukari huyeyuka na kuwa kahawia. Chumvi katika sufuria hiyohiyo hubaki punje, kwani huyeyuka kwenye nyuzijoto 801 za selsiasi. Kinacholegea kwanza katika sukari ni mvutano hafifu baina ya molekuli. Muungo kovalenti wenyewe ni imara: ndio unaoipa almasi ugumu wake. Maji ya chumvi hupitisha umeme kwa sababu ioni zake huelea huru. Maji ya sukari hayapitishi.

Miungo yote miwili huweza kukutana. Magadi ya Ziwa Magadi, Kenya, yana sodiamu kabonati: ioni za sodiamu na za kabonati (CO₃²⁻) huvutana kwa chaji, ilhali ndani ya kila kabonati, kaboni imeshikana na oksijeni 3 kwa muungo kovalenti.