Thika Hadi Nairobi: Mwisho wa Safari ya Baisikeli

Msafiri wa baisikeli atokaye Misri au Uhabeshi kwenda Nairobi huingia Kenya kwa njia ya Moyale. Hukata jangwa la Dida Galgalu, hupita Marsabit na Isiolo, huvuka mstari wa Ikweta penye Nanyuki, kisha huteremka hadi Sagana na kuwasili Thika. Hapo hubakiwa na kilomita zipatazo 45 tu, naye hujiona amekwisha kufika. Walakini, msomaji, ukiichunguza historia ya njia hii, utaona kwamba kipande hiki cha mwisho chataka uangalifu kuliko vyote.

Zamani Thika yenyewe ndiyo iliyokuwa mwisho wa safari. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899, lakini tawi la Thika halikufunguliwa hadi 1913. Kabla yake watu walikwenda kwa miguu au kwa gari la maksai. Elspeth Huxley, katika kitabu chake cha mwaka 1959, The Flame Trees of Thika, amesimulia safari ya namna hiyo ya jamaa ya walowezi. Kumbuka kwamba sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilitwaliwa kutoka kwa Wakikuyu, ikawa mashamba ya kahawa na katani. Reli ilijengwa kwa ajili ya mazao hayo. Mwenda kwa miguu alijitafutia njia yake kando.

Huko kaskazini nako njia iliogopwa kwa miaka mingi. Ilikuwa ya mawe makali, na malori yalikwenda kwa msafara wenye walinzi kwa hofu ya majambazi. Hata hivyo waendesha baisikeli hawakukoma kuja. Mwaka 2003 yalianza mashindano ya Tour d'Afrique, ya kutoka Cairo hadi Cape Town. Katika miaka ya 2010 lami ilitandazwa hadi Moyale, na taabu nyingi za jangwani zikapungua.

Basi hatari imehamia wapi? Kati ya 2009 na 2012 barabara ya Nairobi hadi Thika ilijengwa upya, nayo ikafunguliwa na Rais Mwai Kibaki tarehe 9 Novemba 2012. Ilipanuliwa sana, ikapewa madaraja ya kuvukia watu na vijia vya baisikeli. Faida yake haina ubishi. Ruiru, mji uliojulikana kwa utafiti wa kahawa, ambako mbegu ya Ruiru 11 ilitolewa mwaka 1985, umejaa nyumba za watu wafanyao kazi Nairobi. Lakini magari huenda kwa kasi kubwa. Penye daraja la mbali, watu hukimbia kukatiza barabara. Na vijia vya baisikeli, mahali pengine, vimejaa bidhaa za wachuuzi na pikipiki. Aliyeokoka mawe ya Dida Galgalu hana budi kufumbua macho zaidi apitapo Ruiru.

Sasa fikiri. Mgeni huyu hupita hapo mara moja, akapigwa picha, akarudi kwao. Fundi wa Ruiru, muuza maziwa, na mwanafunzi mwenzako hupita kila siku, na kwao kila jioni ni mwisho wa safari. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kijia kitakachomfikisha mgeni salama ndicho kitakachomponya mwenyeji. Wengine wenu mtakuwa wahandisi, madereva na madiwani. Siku hiyo mtakapoulizwa kama barabara ni njema, msitazame kasi ya magari peke yake. Mtazameni asiye na injini, mkaulize kama amefika nyumbani.