Mlio wa Jua na Nguvu ya Sumaku

Msomaji, tarehe 30 Juni 1973, mtu aliyekuwa Woodley, Nairobi, aliona mwezi umelimega jua upande mmoja tu. Lakini huko Loiyangalani, kando ya ziwa lililoitwa Rudolf siku hizo, na sasa Turkana, jua lilifunikwa lote. Wataalamu waliopiga kambi pale walipata picha za taji la nuru linalolizunguka jua, ambalo umbo lake hufuata nguvu ya sumaku.

Picha hizo zilionyesha kazi ya sumaku nje ya jua. Je, ndani? Huko jicho halifiki. Basi wataalamu walijifunza kulisikiliza jua.

Mwaka 1960 Robert Leighton wa Marekani aligundua ya kuwa uso wa jua hupanda na kushuka kila dakika 5 hivi. Gesi ya jua huchemka karibu na uso kama uji chunguni, na mchemko huo hutoa sauti. Sauti hiyo haitufikii, kwani hakuna hewa kati yetu na jua. Lakini mawimbi yake hupita ndani na kuutikisa uso. Kwa kupima mitikiso hiyo twajua yaliyomo ndani.

Madoa meusi ya jua huongezeka na kupungua kwa muda wa miaka 11 hivi, na mwaka 1908 George Hale alionyesha ya kuwa yana nguvu kubwa ya sumaku. Je, sumaku hiyo hugeuza mlio wa jua? Jibu lilipatikana mwaka 1985. Martin Woodard, pamoja na Robert Noyes aliyekuwa mwanafunzi wa Leighton, walilinganisha vipimo vya setilaiti vya mwaka 1980, madoa yalipokuwa mengi, na vya 1984, yalipokuwa machache. Mlio ulikuwa umeshuka kwa kadiri ya sehemu 1 katika 10,000. Jua ni kama zeze: sumaku ikizidi karibu na uso, sauti hupanda, kana kwamba uzi umekazwa.

Usidhani ni jambo dogo. Tarehe 13 Machi 1989 dhoruba iliyotoka juani ilizima umeme wa Quebec, Kanada, na watu milioni 6 wakakaa gizani. Atakaye kujua mapema mwendo wa sumaku hiyo hana budi kuchungulia chini ya uso wa jua.

Nawe usilikodolee jua macho, litakupofusha. Lakini kumbuka ya kuwa lisilotazamika laweza kusikilizwa.