Hambaga ya Dola Mia

Hambaga ya dola mia ni lakabu ya safari fupi ya anga, mashuhuri zaidi nchini Marekani, ambayo rubani mwenye leseni binafsi huifanya kwa ndege ndogo ili kwenda kula katika mkahawa ulio kiwanjani au jirani na kiwanja kidogo cha ndege, kisha akarejea alikotoka. Kiasi hicho si bei ya chakula, bali ni makisio ya gharama za mafuta na ukodishaji, ambazo siku hizi aghalabu hukizidi.

Mlo, kwa hakika, ni kisingizio tu; shabaha ni kuruka. Sheria za nchi hiyo humtaka rubani atakaye kuchukua abiria awe ameruka na kutua walau mara 3 katika siku 90 zilizotangulia, humharimishia kileo kwa saa 8 kabla ya safari, na humkataza kupokea ujira, ingawa abiria wana ruhusa ya kuchangia gharama, almuradi rubani alipe fungu lake kamili.

Mfano maarufu wa kiwanja kinachoendewa kwa safari kama hizi ni kile cha kisiwa cha Santa Catalina, California, kiitwacho Airport in the Sky, ambacho, kikiwa kimejengwa kwa kusawazisha vilele vya milima, kipo futi 1,602 juu ya usawa wa bahari. Mkahawa wake unasifika kwa hambaga za nyama ya baisani, mnyama aliyeletwa kisiwani humo katika miaka ya 1920. Marubani wageni hutozwa ada ya kutua.