Historia Iliyomo Chunguni

Wahenga walinena kwamba mchele ni mmoja, mapishi ni mbalimbali. Msemo huu hutumika kumwonya mtu asidhani kuwa vitu vyenye asili moja lazima vitoke na ladha moja. Washairi nao wameupenda, kwa kuwa vina na mizani ni vile vile kwa kila mtunzi, na hata hivyo tungo hazifanani. Ila ni wachache waliokaa wakauhoji msemo wenyewe: mchele huo mmoja ulitoka wapi, na ni nani aliyeruhusiwa kuupika?

Katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba, wali wa nazi kwa mchuzi wa pweza huitwa chakula cha asili. Bibi alimfunza mama, mama akamfunza binti, na hapana aliyeandika neno. Mpishi akiulizwa kiasi cha tui huonyesha kwa kiganja. Akiulizwa muda wa kuiva hujibu kuwa pua itamwambia. Kwa sababu hiyo watu wameamini kuwa chakula hiki kimekuwepo hivi hivi tangu enzi na enzi. Imani hiyo ina ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote. Chungu hicho kimepita katika mikono ya wakulima, mabaharia, watumwa, mabwana na makarani wa serikali, na kila mmoja ameacha alama yake.

Shahidi wa kwanza ni lugha. Ukiwa shambani huitwa mpunga, ukishatwangwa na kupetwa huitwa mchele, ukiiva huitwa wali, na ule ulioganda chini ya chungu huitwa ukoko. Hakuna hata moja kati ya maneno hayo lililotoka katika Kiarabu, wala pweza hakupewa jina na wageni. Viungo ndivyo vilivyokuja na majina yao: bizari, karafuu na thomu ni maneno yenye asili ya Kiarabu, na pilau na biriani yana asili ya Kiajemi. Wapwani waliujua wali kabla ya kuijua pilau, wakaupa majina yao wenyewe, ijapokuwa mbegu ya mpunga ilivuka bahari kutoka Asia.

Shahidi wa pili ni udongo. Wachimbuzi wa mambo ya kale waliofanya kazi kaskazini ya Pemba walikusanya punje zilizoungua katika majaa na majiko ya miji miwili jirani. Mji wa Tumbe, uliostawi baina ya karne ya 7 na ya 10, ulikula zaidi uwele, nafaka ya Afrika. Mji wa Chwaka ya Pemba, uliofuata katika karne ya 11 na kudumu hadi karne ya 15, ulikuwa umegeukia mpunga. Huko Komoro mambo yalikuwa mengine: utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa mpunga na choroko vilitangulia huko tangu karne ya 8 hadi ya 10, wakati ambapo pwani ya bara na visiwa vyake vya karibu bado vilitegemea mtama na uwele.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini watu waliokuwa na nafaka yao, isiyohitaji maji mengi, waliamua kulima nyingine yenye taabu kubwa zaidi. Mpunga hutaka bonde, hutaka mvua, hutaka mtu wa kuamia ndege kutwa nzima. Jibu lililo karibu zaidi ni kwamba wali ulikuwa chakula cha kumkirimu mgeni. Mabadiliko hayo ya Chwaka yalitokea katika enzi ambayo misikiti ya mawe ilikuwa ikijengwa pwani, wafanyabiashara wakija na pepo za kaskazi na kuondoka na za kusi. Mwenye mji alijulikana kwa sinia yake. Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331, aliandika kuwa Mogadishu alikirimiwa wali uliopikwa kwa samli, ukatiwa katika chombo kikubwa cha mti, na juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Alipofika Mombasa alikuta watu wakila ndizi na samaki, nafaka wakiletewa kutoka kwingine pwani. Safari moja, bandari mbili, na tayari palikuwa na tofauti ya mwenye wali na asiye nao.

Mwanzoni mwa karne ya 16 Mreno Duarte Barbosa aliandika kuwa visiwa vya Pemba, Unguja na Mafia vilikuwa na neema ya vyakula, ukiwemo mchele. Kwa muda mrefu baadaye Pemba iliilisha Mombasa, na hata Wareno waliokaa ndani ya ngome yao huko walitegemea mchele wa Pemba. Wareno hao pia walifungua njia ambayo kwayo mimea ya Marekani ilifika pwani. Tungule na pilipili zinazowekwa leo katika mchuzi wa pweza, na muhogo unaoliwa mchele ukikosekana, vyote ni mazao ya upande wa pili wa dunia. Basi anayesema kuwa mchuzi huu haujabadilika tangu kale amezisahau tungule.

Mageuzi makubwa zaidi yaliletwa na karafuu. Seyyid Said bin Sultan aliwahimiza wenye mashamba wapande mikarafuu, na yasemwa kuwa aliamuru mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Faida ilikuwa kubwa, na ardhi na mikono iliyokuwa ikizalisha chakula ikaelekezwa kwenye zao la kuuza. Visiwa vilivyokuwa vikilisha wengine vikaanza kulishwa. Mchele ukaja kwa meli kutoka India na Burma, na mtu wa Unguja akawa anaweza kuzungukwa na rutuba lakini asubuhi amtume mtoto dukani kununua wali wa mchana.

Mikarafuu hiyo ilipandwa, ikapaliliwa na kuchumwa na watumwa. Wao walikula muhogo zaidi, wakilima viploti vyao katika siku chache za wiki walizoachiwa. Wali ulikuwa wa sikukuu, wa arusi, au makombo ya sinia la bwana. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja na Pemba mwezi Aprili 1897, uhuru haukuonekana katika karatasi peke yake. Ulionekana katika mavazi, katika majina, na katika chungu. Mwanamke aliyekuwa jana akimpikia bwana wali wa nazi, leo aliweza kuupika kwa ajili ya wanawe na kuupakua kwanza kwao. Pengine huo ndio mwanzo wa chakula hiki kuitwa cha ukoo katika nyumba nyingi: hakikurithiwa kutoka kwa babu aliyekuwa mwenye mali, bali kilitwaliwa na bibi aliyekuwa mali ya watu.

Ndiyo maana uchungu ulikuwa mkubwa pale wali ulipogeuzwa tena kuwa kipimo cha cheo. Mwezi Machi 1942 majeshi ya Japani yaliuteka mji wa Rangoon, na mchele wa Burma ukakatika. Serikali ya kikoloni ikaanzisha mgao, nao ukapangwa kwa kabila. Mchele mchache uliokuwapo haukugaiwa sawa baina ya aliyeandikwa Mhindi, aliyeandikwa Mwarabu na aliyeandikwa Mwafrika. Huyu wa mwisho alitarajiwa kutosheka na mahindi na muhogo. Kalamu ya karani ikawa inaamua kinachopikwa nyumbani. Watu waliokuwa wakisali safu moja na kuozana wakarudi majumbani mwao na vibaba tofauti. Anayetafuta mizizi ya uhasama wa siasa uliofuata katika miaka ya 1950 asiache kuchungulia jikoni.

Uhaba mwingine ulikuja baada ya Mapinduzi ya 1964. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika siasa ya kujitegemea, uingizaji wa vyakula ulibanwa mno, na mchele ukawa wa foleni na mgao. Safari hii mgao haukuuliza kabila, ila chungu kilikuwa kitupu vile vile. Wengi waliokuwa watoto wakati huo walikua wakila muhogo, ndizi na majimbi. Hali ilianza kulegea katikati ya miaka ya 1980, biashara ilipofunguliwa. Wazanzibari waliokuwa wamekwenda Oman nao walikuwa wakiendelea kupika wali wa nazi katika mji usiokuwa na minazi, wakizungumza Kiswahili juu ya sinia. Waliokaa walikuwa na nazi bila ya mchele. Waliokwenda walikuwa na mchele bila ya minazi.

Ni kitu gani basi kilichopona katika misukosuko hiyo yote, ikiwa mchele wenyewe ulikuja na kuondoka? Jibu limo katika namna ya kupika. Pweza huanza kwa kupigwa, juu ya jiwe au kwa mchi, mpaka minofu ilegee. Husafishwa, akachemshwa taratibu katika maji yake mwenyewe kabla ya kutiwa chochote. Wakati huo nazi inakunwa kwenye mbuzi, chicha inakamuliwa katika kifumbu. Tui la kwanza, kasimile, huwekwa kando. La pili na la tatu, yaliyo mepesi, ndiyo yanayotangulia motoni: sehemu hupikiwa wali pamoja na chumvi, na sehemu hutiwa katika pweza aliyekwisha kukatwa, pamoja na vitunguu, thomu, tungule na bizari. Kasimile huingia mwisho, moto ukiwa umepunguzwa, na mpishi haondoi upawa mpaka uchemke, kwa kuwa tui likikatika halirudi. Wali nao ukishanywa tui lake hufunikwa na kupaliwa makaa juu ya kifuniko, uive kwa moto wa juu na wa chini. Ndimu hukamuliwa chakula kikiwa tayari.

Mpangilio huu ndio urithi. Mwaka usiokuwa na mchele, mpishi alitia muhogo mahali pa wali, akaupika kwa tui jepesi kwanza na kasimile mwisho, kama alivyofunzwa. Palipokosekana pweza, papa mkavu alishika nafasi. Mtunzi hubadilisha maneno akaacha bahari ya shairi ibaki, na ndivyo walivyofanya kinamama hao. Binti aliyekua katika miaka ya muhogo aliweza kuupika wali wa nazi siku mchele uliporudi, maana mikono yake ilikuwa haijasahau kitu.

Limebaki suala la pweza, na hili ni la leo. Kwa vizazi vingi wanawake wa vijiji vya pwani wamekwenda kumchokoa wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yanapokupwa mbali na mwamba kuachwa wazi. Huenda kwa miguu, na kijiti au kipande cha chuma mkononi, wakilijua kila tundu kama mtu anavyozijua nyumba za mtaani kwake. Hiyo ilikuwa bahari yao. Ya mashua na mishipi ilikuwa ya wanaume. Pweza hakuwa na bei kubwa, na kwa hivyo alibaki kuwa kitoweo cha nyumbani.

Tangu miaka ya 1990 bei yake imepanda. Pweza hununuliwa na wanaomsafirisha nje, na hoteli za kitalii nazo humtaka. Wanaume wamekuja na miwani ya kuzamia, wakamfuata hata kwenye maji ambayo mwanamke mwenye kanga zake hafiki. Pweza huishi mwaka mmoja hivi au zaidi kidogo. Jike hutaga mara moja, akakaa kuyalinda mayai yake bila ya kula, kisha akafa. Akitolewa tunduni kabla ya hapo, amekwenda na kizazi chake. Huko Madagascar wanakijiji wa Andavadoaka walianza mwaka 2004 kuufunga mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza akue, na baadhi ya vijiji vya Unguja na Pemba, kikiwemo Kisiwa Panza, vimekuja kuifuata njia hiyo. Mwamba ukifunguliwa, mavuno huwa ya kufurahisha. Lakini pweza mkubwa ndiye mwenye bei kubwa, na mwenye haja ya fedha za shule na dawa humuuza. Mara nyingi mwanamke aliyemtoa tunduni hurudi nyumbani na dagaa, na pweza akaliwa na mgeni hotelini, akiambiwa kuwa hicho ndicho chakula cha asili cha visiwa hivi.

Vijana kadhaa sasa wanakusanya mapishi ya bibi zao ili yaandikwe kabla hayajapotea. Ni kazi njema na yafaa kuungwa mkono. Ila wasiishie kwenye vibaba vya mchele na idadi ya nazi. Waandike pia ni nani aliyekwenda mwambani, mchele ulinunuliwa wapi na kwa shida gani, na ni nani aliyepakuliwa wa mwisho. Wamwulize bibi alikula nini miaka ile ya mgao, na alipika nini siku mgao ulipokwisha. Wasiofanya hivyo watabaki na ladha, nayo ladha peke yake haielezi ni kwa nini bibi huyo, hata leo, hauachi ukoko uliobaki chini ya chungu utupwe.