Sekunde 27 Zisizo na Nafasi: Historia ya Wakati Ndani ya Hifadhidata

Hadi katikati ya karne ya 20, sekunde ilihesabiwa kutokana na mwendo wa sayari yenyewe, ikiwa sehemu moja kati ya 86,400 za siku, na kipimo hicho kiliwatosha mabaharia na waendeshaji wa reli. Mwaka 1955, Louis Essen na Jack Parry wa Maabara ya Taifa ya Fizikia ya Uingereza waliunda saa ya kutegemewa inayofuata mitetemo ya atomu za sesiamu, ambayo ni metali laini, na mwaka 1967 Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani uliamua kwamba sekunde ni muda wa mitetemo 9,192,631,770 ya mnururisho wa atomu hizo. Tangu hapo, saa ya wanadamu na mzunguko wa dunia vilianza kuachana, kwa sababu dunia haizunguki kwa kasi isiyobadilika: mvuto wa mwezi, unaosababisha maji kujaa na kupwa, huipunguzia kasi polepole, na miondoko iliyo ndani ya dunia yenyewe huibadilisha kasi hiyo kwa namna isiyotabirika.

Suluhu iliyoanza kutumika mwaka 1972 ilikuwa kuufanya UTC, yaani mfumo wa kuratibu saa ulimwenguni, ufuate saa za atomu, lakini uongezewe sekunde moja kila inapohitajika ili usitofautiane na mzunguko wa dunia kwa zaidi ya sekunde 0.9. Sekunde ya kwanza ya nyongeza iliingizwa tarehe 30 Juni 1972, na ya 27 tarehe 31 Desemba 2016. Huandikwa 23:59:60, na kwa kuwa Afrika Mashariki imeutangulia mfumo huo kwa saa tatu, hapa huangukia muda mfupi kabla ya saa tisa usiku. Taasisi ya kimataifa inayofuatilia mzunguko wa dunia huitangaza takriban miezi sita kabla, na hivyo hakuna programu inayoweza kukokotoa mapema sekunde za miaka ijayo.

Wakati huohuo, wabunifu wa mfumo endeshi wa Unix walichagua kanuni nyepesi zaidi, ambayo baadaye iliingizwa katika viwango rasmi: wakati ni idadi ya sekunde tangu 1 Januari 1970, na kila siku ina sekunde 86,400, bila kupungua wala kuzidi. Kanuni hiyo hurahisisha hesabu, lakini haiiachii sekunde ya 60 nambari yake yenyewe, na programu za hifadhidata, ambazo kazi yake ni kutunza kumbukumbu kwa mpangilio, zimeurithi upungufu huo. PostgreSQL, inayohifadhi wakati kama idadi ya mikrosekunde kabla au baada ya usiku wa manane wa kuamkia 1 Januari 2000, hukubali kuandikiwa 23:59:60, kisha huigeuza kuwa saa sita kamili usiku ya siku inayofuata. Ikiulizwa tofauti kati ya 23:59:59 ya siku ya mwisho ya 2016 na mwanzo wa 2017, hujibu kwamba ni sekunde moja, ilhali zilipita mbili. MySQL huikataa 23:59:60 inapoandikwa na mtumiaji, na sekunde yenyewe inapofika hurudia kujibu 59, hata matukio mawili yaliyofuatana yakaonekana ya wakati mmoja. Kwa daftari la miamala ya fedha, ambamo aliyetangulia na aliyefuata hutofautiana kwa haki, hilo si jambo dogo.

Madhara yalidhihirika usiku wa kuamkia 1 Julai 2012, ilipoingizwa sekunde nyingine ya nyongeza. Kiini cha mfumo endeshi wa Linux kiliiongeza sekunde ipasavyo, lakini sehemu yake inayosimamia vipima muda haikuarifiwa kwamba saa imerekebishwa, kwa hiyo kila programu iliyoomba kusubiri kwa muda usiofika sekunde moja iliamshwa papo hapo, ikaomba tena, ikaamshwa tena, hadi vichakato vikaelemewa. Seva zilizoendesha MySQL na programu za Java zilikuwa miongoni mwa zilizoathirika, na wasimamizi wengi waligundua kwamba tiba ilikuwa amri moja tu ya kuipangia upya kompyuta tarehe na saa ileile iliyokuwa nayo.

Google ilikuwa imeshaepuka mtego huo kwa kuisambaza sekunde ya nyongeza katika muda wa saa nyingi, kila sekunde ikirefushwa kidogo mno, njia iliyoeleza hadharani mwaka 2011. Mwaka uliofuata ilichapisha maelezo ya Spanner, hifadhidata isiyodai kujua saa kamili: hutoa kipindi chenye mwanzo na mwisho, ikitegemea saa za atomu na setilaiti za GPS, kisha husubiri kipindi hicho kipite ndipo ithibitishe muamala. Huo ndio uungwana mkubwa zaidi uliowahi kuingizwa katika somo hili, kwa kuwa unakiri mashaka badala ya kuyafuta.

Mwezi Novemba 2022, Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani uliazimia kwamba kikomo cha tofauti kati ya UTC na mzunguko wa dunia kiongezwe kufikia mwaka 2035, hatua itakayoziondoa sekunde za nyongeza kwa muda mrefu. Hata hivyo, zile 27 zilizokwisha kupita zitabaki: mtafiti anayetaka urefu kamili wa muda kati ya vipimo viwili vilivyorekodiwa kati ya 1972 na 2016 atalazimika kuzijumlisha mwenyewe, kutoka katika jedwali lililo nje ya hifadhidata yake.